Nina dola 24,000 za kujengea nyumba, niziweke kwenye ETF ya bondi za riba kubwa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Minnesota huu mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Nimejikusanyia dola 24,000, zimekaa tu benki hazizai kitu. Nina kiwanja Kange pale Tanga na nataka baada ya miaka miwili nianze msingi. Binamu yangu kaniambia niweke zote kwenye ETF ya bondi za makampuni inaitwa HYG, inalipa kama asilimia 7 na hela inaingia kila mwezi, anasema hizi ni bondi sio hisa kwa hiyo haziwezi kuanguka, na akaunti yenyewe ina bima. Ila mimi nimeangalia grafu nikaona mwaka 2007 ilikuwa zaidi ya dola 100 na sasa iko kama 80, nikaogopa. Hizo dola 20 zimeenda wapi? Na je, kwa nini nisinunue bondi za serikali nyumbani ambazo nasikia zinalipa zaidi? Naomba unieleweshe polepole, mi sio msomi wa mambo ya fedha."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, dola 24,000 kwa kazi ya kulea wazee, na watoto wawili, na nyumbani simu zinapigwa kila mwisho wa mwezi, sio kitu kidogo, ndo maana nataka nikujibu kwa kirefu. Pili umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, umeangalia grafu kabla hujatoa hela. Hilo swali la dola 20 zimeenda wapi ndo kiini cha mambo yote haya, tutafika.

Jibu fupi nikupe mapema usije ukasoma huku roho iko juu: hela ya msingi usiiweke humo, hata sehemu yake. Sio kwamba HYG ni utapeli, hapana, ni mfuko halali kabisa wa pamoja unaouzwa sokoni kama hisa (ndo maana ya ETF), upo tangu Aprili 2007, unasimamiwa na BlackRock kwa jina lao la iShares, na mi mwenyewe nshawashauri watu wengine waweke kiasi. Shida ni kwamba hela yako ina tarehe na huo mfuko hauna tarehe. Nitaeleza maana yake.

Tuanze na maneno ya binamu, maana kuna aliyosema kweli na kuna aliyochanganya. Kweli ni bondi, kweli gawio linaingia kila mwezi, kweli ni rahisi kununua na kuuza. Lakini "haziwezi kuanguka" sio kweli, na "akaunti ina bima" ni kweli nusu, na hiyo nusu ndo inaweza kukuumiza. Hela ikiwa benki Marekani kuna bima ya FDIC, benki ikifa unarudishiwa mpaka dola 250,000. Akaunti ya broka, yaani dalali wa hisa na bondi, haina FDIC, ina kitu kinaitwa SIPC, nayo inakulinda endapo broka mwenyewe amefilisika au vipande vyako havionekani, mpaka dola 500,000. Bei ya ulichonunua ikishuka SIPC haikurudishii hata senti. Kwa hiyo ukinunua kwa dola 24,000 soko likaenda vibaya ukabaki na 19,000, hakuna ofisi ya kwenda kudai hiyo 5,000.

Sasa bondi yenyewe ni nini. We umeshakopesha mtu, najua, kila Mtanzania aliyeko nje ameshakopesha. Bondi ni hivyo hivyo, we unampa mtu hela, yeye anakuandikia kwamba atakulipa kiasi fulani kila baada ya miezi sita na mwisho wa muda atakurudishia mtaji wako wote. Mkopaji akiwa serikali ya Marekani anakulipa kidogo kwa sababu kila mtu anaamini atalipa. Mkopaji akiwa kampuni kubwa yenye akiba anakulipa zaidi kidogo. Mkopaji akiwa kampuni yenye madeni mengi au biashara inayoyumba, hapo watu wanasita kumkopesha, na ili awavutie inabidi apandishe riba. Kuna makampuni ya kupima wakopaji, makubwa ni Moody's, S&P na Fitch, wanatoa madaraja kama ya mtihani. Kwa S&P ukishuka chini ya BBB- unaitwa daraja la kubahatisha, na watu wa Wall Street wakazibandika jina la janki, yaani takataka. Wauzaji wakaona jina halivutii wakaziita bondi za riba kubwa. Bidhaa ni ile ile, na jina lililo kwenye swali lako ni hilo la wauzaji.

Sio kwamba makampuni hayo yote ni mabovu. Ford iliwahi kushushwa humo mwaka 2020 ikapanda tena 2023, wenyewe kampuni za namna hiyo wanaziita malaika walioanguka. Chukua mfano wa Carnival, wale wa meli za kitalii. Machi 2020 korona ikasimamisha meli zote, hakuna abiria, hakuna hata senti inayoingia, na wafanyakazi na mafuta na matengenezo vinataka hela. Aprili wakakopa dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5 na wakaweka meli zao dhamana. Asilimia 11.5 kwa kampuni kubwa vile, tena kwa dola! Nyumbani tungeita mkopo wa kausha damu. Waliowakopesha walilipwa, walipata riba nono, lakini siku ile wanatoa hela hakuna aliyekuwa na uhakika kama meli zitaondoka tena bandarini. Hiyo riba nono ndo malipo ya kulala bila uhakika.

Na huku kwetu pia tumeona upande wa pili. Kenya mwaka 2015 Imperial Bank iliuza bondi ya shilingi bilioni 2, watu wakanunua, halafu benki ikafungwa tarehe 13 Oktoba, siku moja tu kabla hiyo bondi haijaanza kuuzwa kwenye soko la Nairobi. Miezi sita baadaye Chase Bank ya huko huko Kenya nayo ikawekwa chini ya usimamizi, nayo ilikuwa na watu waliokuwa wamenunua bondi zake. Neno bondi halimlindi mtu, anayelinda ni mkopaji mwenye uwezo wa kulipa.

Sasa ETF inasaidia wapi? Inasaidia hapo hapo kwenye hofu ya kampuni moja kufa. We ukijua vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania, umeshaelewa nusu, ni watu wengi wanachanga, mfuko unanunua vitu vingi, kila mmoja anamiliki kipande. Tofauti ni kwamba vya UTT unanunua na kuwauzia wenyewe UTT kwa bei ya siku, wakati ETF inauzwa sokoni kama hisa, unauziana na mtu mwingine, bei inapanda na kushuka dakika kwa dakika. HYG ina bondi zaidi ya 1,000 ndani, kampuni moja ikifa unapata mkwaruzo tu. Huo ni msaada wa kweli kabisa, mtu wa kawaida hawezi kununua bondi 1,000 mwenyewe. Ila elewa kitu kimoja, kuchanganya makampuni mengi yenye madeni mengi kunakulinda na ajali ya moja, hakukulindi na mafuriko yanayoyapata yote kwa pamoja, na uchumi ukiwa mbaya haya makampuni yanaumwa kwa pamoja.

Haya tuje kwenye hizo dola 20 zako.

Grafu ya bei haioneshi gawio. Aliyenunua HYG mwaka 2007 kwa dola mia na kidogo, kila mwezi amekuwa akipokea hela, na jumla ya alichopokea miaka yote hiyo imezidi mara kadhaa hizo dola 20 na kitu zilizopungua kwenye bei. Kwa hiyo hajapata hasara, ukijumlisha vyote amepata wastani wa kama asilimia 5 hivi kwa mwaka. Hakuna aliyeiba. Lakini bei imeshuka kwa sababu za kweli na lazima uzijue.

Ya kwanza ni hao wanaoshindwa kulipa. Kwa miaka mingi wastani wa makampuni ya daraja hili yanayoshindwa kulipa ni kama 3 mpaka 4 kati ya 100 kwa mwaka, mwaka mzuri ni 1 au 2, mwaka mbaya yanaweza kupita 10. Na yakishindwa wenye bondi hawakosi vyote, wastani wa zamani ni kama senti 40 wanarudishiwa kwenye kila dola. Kuna kesi zinaisha vizuri zaidi, Hertz wale wa kukodisha magari waliomba ulinzi wa kufilisika Mei 2020 na mwaka uliofuata wenye bondi wakalipwa, lakini hiyo ni bahati, usiipangie bajeti. Sasa fanya hesabu na mimi. Una dola 100 zinazolipa 7. Kampuni tatu na nusu kwa wastani zinakufa, kila moja inaondoka na senti 60 ya kila dola, hiyo ni kama dola 2.10 imepotea kwenye mtaji. Ada ya HYG ni asilimia 0.49 kwa mwaka, toa na hiyo. Unabaki na kama 4.40. Umeona? Ile 7 inaingia mfukoni mwako kila mwezi unaifurahia, halafu kule nyuma mtaji unaliwa taratibu, na ndo hiyo sehemu ya dola 20 uliyoiona. Mfuko unakupa kuponi yote, yaani riba ya bondi, bila kukata akiba ya hasara, kwa hiyo sehemu ya unachopokea kila mwezi, ukweli wake, ni mtaji wako mwenyewe unarudi kwa jina la gawio. Sio kwa ubaya, ndivyo mifuko hii inavyofanya kazi, ila mtu anayekula gawio lote akidhani ni faida tupu anakula na mbegu.

Ya pili ni bondi zinazonunuliwa kwa bei ya juu. Mfuko ukinunua bondi kwa dola 104 kwa sababu kuponi yake ni tamu, siku inaiva unalipwa 100. Hizo 4 zimeondoka kwenye bei, we ulishazipokea ndani ya kuponi.

Ya tatu ni riba za soko, na hapa wengi wanachanganyikiwa kwa hiyo soma polepole. Umenunua leo bondi ya dola 100 inayolipa 5. Mwakani riba zimepanda, bondi mpya za aina hiyo hiyo zinalipa 7. Ukitaka kuuza ya kwako nani atakupa 100 wakati kwa 100 hiyo hiyo anapata inayolipa 7? Lazima upunguze bei. Riba zikipanda bei ya bondi za zamani inashuka, riba zikishuka bei inapanda, kama bembea. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mpaka juu ya asilimia 4 kwa miezi tisa tu, na HYG ikapoteza kama asilimia 11 mwaka ule hata baada ya kuhesabu gawio, na wala makampuni hayakuwa yanakufa kwa wingi.

Na hiyo 7 yenyewe usidhani imeandikwa kwenye jiwe. Mwaka 2009 kila kipande cha HYG kililipa zaidi ya dola 7 kwa mwaka, mwaka 2021 haikufika hata dola 4, kwa sababu bondi za zamani zinaiva na mfuko unanunua mpya kwa riba ya wakati huo. Ukiangalia mitandaoni utaona namba mbili tofauti za mapato, moja ni ya miezi 12 iliyopita na nyingine inaitwa yildi ya SEC ya siku 30. Angalia hiyo ya pili, ndo inakaribia hali ya sasa, ingawa nayo haijatoa hasara za watakaoshindwa kulipa.

Sasa kwa nini nasema hela yako ina tarehe. Bondi moja ya kawaida ina siku ya kuiva. Ukiwa na bondi ya kampuni inayoiva Juni baada ya miaka miwili, katikati bei ikishuka unaweza kuvumilia, kampuni ikiwa hai Juni ikifika unapewa 100 yako. ETF kama HYG haina hiyo Juni, bondi zake zinaiva zinabadilishwa na nyingine, mfuko wenyewe hauivi milele. Kwa hiyo siku fundi wako wa Kange anakwambia mama leta hela ya nondo, bei utakayoikuta sokoni siku hiyo ndo hiyo hiyo, iwe nzuri iwe mbaya.

Na ikiwa mbaya inakuwa mbaya kweli. Mwaka 2008 soko zima la bondi hizi lilishuka kama asilimia 26, mwaka 2009 likapanda zaidi ya asilimia 50, ambayo ni raha kwa aliyeweza kusubiri tu. Februari 2020 HYG ilikuwa kama dola 88, tarehe 23 Machi ilikuwa imeshuka mpaka karibu 68. Mwezi mmoja! Tena siku zile bei ya sokoni ya ETF nyingi za bondi ilikuwa chini hata ya thamani ya bondi zilizomo ndani, kwa sababu kila mtu anataka kutoka mlango mmoja. Benki kuu ikatangaza kwamba itanunua bondi za makampuni, baadaye ikaongeza na ETF za janki, hali ikatulia na mwisho wa mwaka bei ilikuwa imerudi kama 87.

Nakumbuka baba mmoja wa huku huku, dereva wa malori, alikuwa ameweka humo kwenye HYG kama dola 30,000 za kununua lori lake mwenyewe. Alinipigia simu wiki ile ya Machi sauti imekauka. Kazi zilikuwa zimesimama, malipo ya awali ya lori yanadaiwa, hakuwa na akiba nyingine. Aliuza. Alitoka na kama 24,000 kwa sababu ile ilikuwa ndo hela pekee aliyokuwa nayo na tarehe yake ilikuwa imefika. Mimi ndo niliyekuwa nimemwambia miezi michache nyuma kwamba asilimia kidogo haitamdhuru, na sikuuliza hiyo asilimia kidogo ni kidogo ya nini. Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa mtu ni hela hii unaihitaji lini, ndo maana nakusumbua nalo.

Angalia kitu kingine hapo. Machi ile ile hisa nazo zilikuwa zinaanguka na watu wanaachishwa kazi. Bondi za janki zinatembea na hisa kuliko zinavyotembea na bondi za serikali, yaani zinaumwa siku ile ile ambayo kazi yako inaweza kuwa mashakani. Kwa hiyo mi huwa nawaambia watu, kwenye hesabu zako za moyoni usiiweke HYG kwenye kabati la bondi, iweke kwenye kabati la hisa, labda rafu ya chini yake.

Basi uweke wapi? Hela ya msingi, hela ya miaka miwili, mahali pake ni pale ambapo hazipungui. Umesema ziko benki hazizai kitu, hilo tu kulirekebisha ni ushindi. Kuna akaunti za akiba za benki za mtandaoni zinazolipa mara nyingi zaidi ya benki kubwa za mtaani, zote zina FDIC. Kuna amana za muda maalum, unafunga mwaka mmoja au miezi 18 kwa riba iliyokubaliwa. Na kuna dhamana za serikali ya Marekani za wiki 4 mpaka 52, unanunua mwenyewe kwa broka au kwenye tovuti ya TreasuryDirect, na kwa mtu wa Minnesota zina uzuri mmoja, riba yake haitozwi kodi ya jimbo. Kuanzia katikati ya 2023 mpaka katikati ya 2024 nyingi za hizi zilikuwa zinalipa kama asilimia 5 au zaidi, baadaye zikashuka, angalia ya wiki hii. Sasa rudi kwenye ile hesabu yetu ya 4.40 uiweke pembeni ya riba ya serikali. Mara nyingi utaona kinachobaki cha ziada ni kidogo sana kwa hofu yote ile. Ukitoa na kodi ndo kabisa, maana gawio la ETF hizi linatozwa kama mshahara, mtu aliye kwenye ngazi ya asilimia 22 ya kodi ya taifa, ile 7 inabaki kama 5.46 kabla jimbo halijachukua chake, na hasara ya mtaji bado hujaihesabu.

Ukisema bado unataka bondi za riba kubwa na una tarehe, kuna ETF za aina nyingine ambazo binamu hakukutajia. iShares wana zinazoitwa iBonds na Invesco wana BulletShares, hizi zina mwaka wake wa mwisho, mfuko unashika bondi zinazoiva mwaka huo, unafungwa, unarudishiwa kilichobaki. Zipo na za makampuni ya madaraja mazuri, na zipo za riba kubwa. Zinapunguza ile shida ya bembea ya riba kwa sababu tarehe inakaribia, ila hazipunguzi hofu ya kampuni kufa, na hicho kilichobaki sio ahadi ya kurudishiwa ulichoweka. Za madaraja mazuri ningekukubalia kwa sehemu. Za janki kwa hela ya msingi, hapana.

Na kama una hela isiyo na tarehe, ya uzeeni, ambayo hata ikishuka robo hutoigusa miaka kumi, hapo sina ugomvi na binamu. Weka kiasi kidogo, mi sijawahi kumwambia mtu wa kipato cha kawaida azidishe asilimia 10 ya akiba yake ya uzeeni. Ila linganisha ada, HYG 0.49, JNK ya State Street 0.40, na iShares hao hao wana nyingine inaitwa USHY ya 0.08 tu, inashika bondi za soko hilo hilo tena nyingi zaidi. HYG ni maarufu kwa sababu wafanyabiashara wakubwa wanaitumia kuingia na kutoka haraka, we mama wa watoto wawili huna haja ya kulipia haraka yao. Na iweke ndani ya akaunti ya uzeeni kama Roth IRA ili lile gawio lisikuletee kodi kila mwaka.

Bondi za nyumbani. Hili ni swali zuri kuliko unavyodhani. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilikuwa inauza bondi ya miaka 25 yenye kuponi ya asilimia 15.95, mwaka 2022 zikaja mpya za miaka hiyo hiyo kwa 12.56. Ukiziweka pembeni ya 7 zinaonekana kubwa, lakini hizo ni asilimia za shilingi. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300 mwaka 2021, mwaka 2024 ikagusa 2,700. Mtu aliyetoa dola na anataka kurudisha dola, kupanda huko kunakula sehemu ya kuponi. Ila we hutaki kurudisha dola, we unajenga Tanga, fundi analipwa kwa shilingi, mchanga na tofali kwa shilingi, kwa hiyo hofu ya shilingi kwako sio sawa na ya mzungu. Ingawa bati na nondo bei zake zinaifuata dola, kwa hiyo kukaa na dola kidogo mpaka mwisho nako kuna maana. Kinachonizuia kukwambia nunua ni ile ile tarehe, bondi ya miaka 25 kwa hela ya miaka miwili utalazimika kuiuza katikati, na wanunuzi sio wengi kila siku. Kwa kiasi ambacho umeshaamua kukipeleka nyumbani, mfuko wa Ukwasi wa UTT unakaa vizuri zaidi kwa sababu unatoka unapotaka. Na kumbuka, ukiwa mkazi wa Marekani kwa kodi, unatangaza kipato cha dunia nzima, na akaunti zako za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka kuna fomu ya FBAR lazima ujaze, faini yake ni kali hata kama kodi yenyewe hudaiwi.

Hukuniuliza, ila watu wengi wa Tanga huniuliza kwa hiyo niseme. Kama unajali suala la riba kidini, bondi hizi ni mikopo ya riba moja kwa moja, ETF haibadilishi hilo. Kuna mifuko ya sukuk, hati za uwekezaji zilizotengenezwa kukwepa riba, SPSK ni mmoja unaouzwa Marekani, lakini hukumu yake muulize sheikh unayemwamini, mi najua mahesabu tu.

Wapi utafute mtu wa ana kwa ana. Ya kodi na FBAR usiyafanye kwa kusoma majibu kama haya, nenda kwa mhasibu mwenye leseni, na kama kipato chako sio kikubwa kuna huduma ya bure ya VITA chini ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wako kwenye maktaba na vituo vya jamii kila msimu wa kodi, ila waulize kwanza kama mambo ya akaunti za nje wanayagusa. Mshauri wa uwekezaji tafuta anayelipwa na wewe kwa saa au kwa kazi, sio kamisheni ya anachokuuzia, na jina lake liangalie kwenye BrokerCheck ya FINRA, ni bure. Na mtu yeyote wa WhatsApp akikwambia ana bondi za asilimia 7 kwa mwezi, kwa mwezi sio kwa mwaka, na hazipungui, funga simu. Waliolia na ule upatu wa DECI mwaka 2009 Tanzania wanakumbuka maneno hayo hayo.

Wiki hii fanya hivi. Muulize fundi au mkadiriaji majenzi wa Tanga msingi wa ramani yako ni shilingi ngapi kwa bei za sasa, isijekuwa ni dola 9,000 na we umezifunga zote 24,000 kwa hofu. Toa na akiba ya miezi minne ya matumizi ya nyumbani Minnesota, hiyo isiguswe na msingi wala bondi. Kitakachobaki baada ya hapo ndo tuzungumzie hatari, niandikie namba hizo. Na kabla hujaweka popote, nenda ofisi ya rasilimali watu hapo kazini uliza kama wana 401(k), yaani mpango wa akiba ya uzeeni wa kazini, na kama mwajiri anachangia juu ya mchango wako, kwa sababu kuna waajiri wanaoongeza senti 50 au dola nzima kwa kila dola yako mpaka kiwango fulani, na nimeshakutana na wahudumu wengi wa wazee ambao hiyo hela imekaa miaka mitano hawajawahi kujaza fomu.